Tukio Hili Litaripotiwa

Wapo waliosifia majahazi, wapo waliosifia masultani. Mimi wangu ni sudo, bawabu wa kompyuta za Linux, aliyezaliwa mnamo 1980 katika chuo kikuu kimoja cha Buffalo, Marekani, na ambaye tangu hapo haoni haya kumrudisha mtu mlangoni. Asipokuruhusu, husakinishi kitu kwenye sehemu kuu ya mfumo.

Tulikutana hivi. Nilitakiwa kuchora ramani za kata kwa lugha ya R, kwenye kompyuta kubwa ya ofisini. Kifurushi cha ramani kinaitwa sf, nacho hakisimami bila nguzo tatu: GDAL, GEOS na PROJ. Nikaandika amri ya kuzisakinisha. Sudo akaomba nywila yangu, akaipokea kwa adabu kama mshenga anayepokea barua ya posa, kisha akanijibu kwa Kiingereza kwamba simo kwenye orodha yake na tukio hili litaripotiwa.

Litaripotiwa! Katika utumishi wangu wote, hakuna jambo langu lililowahi kuripotiwa siku ileile. Feni ya chumba chetu imekufa tangu masika ya mwaka juzi, haijaripotiwa. Malipo yangu ya likizo niliyaripoti mwenyewe mara nne, kwa miguu. Sudo hakuniambia njoo kesho. Hakusema mhusika katoka kidogo. Hakutaka nakala tatu wala muhuri. Sekunde ileile habari zangu ziliandikwa na kupelekwa kwa root, mwenye enzi wa mfumo mzima. Kwamba sanduku la barua la root halifunguliwi na mtu yeyote, hilo si lake. Tarishi hufikisha, hasomi.

Sifa nyingine nazitaja kwa kupita: hali posho, hachoki, hajui mtoto wa nani.

Na ni vizuri kutuzuia, maana watumishi wadogo tukiachiwa tungejaza virusi jengo zima. Ila laptopu ya mkubwa ina haki zote za msimamizi. Kazi yake ni mchezo wa karata, na imeshachomekwa flashi za kila kamati ya harusi mjini hapa. Yeye hakujaza fomu. Hakuna aliyemuuliza anataka kusakinisha nini na kwa sababu gani! Haki zimegawiwa kwa upana wa kiti, na mwenye kazi kaambiwa aandike dokezo sabili.

Nikaandika. Mkubwa akaweka wino: "TEHAMA, shughulikieni." Kijana wa TEHAMA akalisoma, akacheka, akafunga mlango kwanza. Nywila ya root hata yeye hana. Aliondoka nayo mkandarasi, mkataba ulipokwisha.

Basi nikachukua conda, ambayo hujenga kila kitu ndani ya folda yako mwenyewe, R na nguzo zake zote, bila kubisha hodi kwa mtu. Chai ya saa nne ilinikuta nimemaliza, ramani ziko mezani.

Dokezo lenyewe bado liko safarini. Mara ya mwisho lilionekana Ununuzi, ambako walisoma neno "vifurushi" wakataka ankara kifani tatu. Nikawaeleza kwamba ni vya bure. Wakasema sawa, nilete basi tatu za bure.