Jinsi ya Kuutayarisha Mkokoteni wa Kibokoni kwa Safari ya Porini

Pori la karibu zaidi na Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ni bustani ya ufukweni ya Mama Ngina. Lina mibuyu mikubwa, upepo wa bahari kuu, miamba inayokata nyayo, na mnyama mwizi ambaye nitamtaja wakati wake ukifika. Ukitokea Ngome ya Yesu ni karibu kilomita tatu. Aliyejiandaa sawasawa anakwenda na familia nzima, wanakula, wanapumzika, wanarudi salama. Asiyejiandaa hurudi na tuktuk mbili, watoto wanalia, na sufuria ya pilau ameipakata mwenyewe mapajani. Mwongozo huu ni wa yule wa kwanza, na chombo chake ni mkokoteni.

Gari halifai. Vichochoro vya Kibokoni vilipimwa kwa watu wanaopishana na mizigo kichwani, na gari lako litabaki Ndia Kuu likipiga honi huku vyombo vikibebwa kimoja kimoja. Mkokoteni unafika mpaka barazani. Unapakiwa pale pale mlangoni, mbele ya mama mwenye nyumba, ambaye ndiye mkuu wa msafara hata kama mipini imeshikwa na mtu mwingine. Akisema sinia lisiwekwe chini ya jiko, haliwekwi.

Mikokoteni mingi mjini ni ya kukodi kwa siku, kwa hiyo nenda kachague mapema pale sokoni Marikiti, na uchague kama unayenunua ng'ombe. Usiuangalie rangi. Inua upande mmoja, zungusha gurudumu kwa mkono, kisha sikiliza. Gurudumu zima huzunguka kimya na kuchelewa kusimama. Likinguruma, beringi zimekauka au zimekula mchanga. Litiwe grisi au uchague mwingine. Shika gurudumu juu na chini ulitikise: likicheza, nati za ekseli zimelegea. Minya mipira yote miwili, kwa sababu mmoja ukiwa na upepo mdogo kuliko mwenzake mkokoteni utavuta upande huo njia nzima, na bega lako litajua. Mwisho piga mbao kwa ngumi. Ubao uliooza kwa maji ya chumvi una sauti ya chini, na ndio utakaovunjika siku umepakia mtungi wa maji juu yake.

Breki ziko nyuma. Chini ya ukingo wa nyuma utaona kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa misumari. Mteremkoni mvutaji huinua mipini juu, nyuma kukashuka, na ile tairi ikaburuzwa barabarani mpaka mwendo ukaisha. Wanaopita huona mtu ananing'inia kwenye mipini wakadhani ameshindwa. Kumbe ndiyo breki yenyewe. Ikiwa kipande kimelika mpaka vichwa vya misumari vinaonekana, kibadilishwe kabla hujaondoka. Kijaribu kwenye mteremko wa kushuka Bandari ya Kale, mkokoteni ukiwa mtupu na watoto wakiwa mbali. Ukishindwa kuusimamisha mtupu, hutausimamisha na biriani.

Sasa kupakia, na hapa ndipo mahamali wanapotuzidi sote. Kwa miongo mingi mizigo ya mji huu, kutoka majahazi ya Bandari ya Kale mpaka maduka ya Biashara Street, imepita mikononi mwao. Wengi wa zamani walikuwa Washihiri waliotoka Hadhramaut, waliobeba mizigo, wakauza maji na kahawa, na kuujua mji kwa miguu. Kanuni yao ni moja: uzito ukae juu ya ekseli, na uegemee mbele kidogo tu. Ukizidi nyuma, mipini itaruka juu na wewe nayo. Ukizidi mbele, mgongo wako ndio utakuwa gurudumu la tatu. Pakia vizito kwanza katikati, shika mipini, inua. Ukiweza kuishikilia huku unazungumza na jirani, umepakia vizuri. Ukinyamaza, sogeza mtungi nyuma shibiri moja ujaribu tena.

Mzigo wa kwanza kupanda ni maji. Mombasa ni kisiwa kisicho na mto. Maji ya mferejini yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere katika Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Kila mkazi wa Mji wa Kale anajua mferejini kunavyokuwa siku maji hayo yamekataa kufika, na anamjua hamali wa maji anayeokoa nyumba tatu kwa mkokoteni mmoja. Mitungi ishirini ya lita 20 ni kilo 400, na watu wanaivuta kila siku. Wewe unahitaji miwili tu. Familia ya watu wanane, kila mmoja lita tatu za kunywa katika jua la pwani, ni lita 24. Kinachobaki ni cha kutawadha, kunawa na kuosha vyombo. Ya kunywa mimina mengine katika gudulia la udongo na ulizungushie gunia bichi. Udongo unapenyeza maji kidogo kidogo, upepo unayakausha, na ya ndani yanapoa bila barafu wala umeme.

Anayeona natia chumvi kwa habari ya maji na kunawa aende akautazame ukuta wa Ngome ya Yesu, hatua chache kutoka Kibokoni. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Kuta zilishikilia karibu miaka mitatu, lakini waliokuwa ndani walimalizwa zaidi na maradhi na njaa kuliko na silaha. Kwa hiyo kipande cha sabuni kiwekwe mahali ambapo mtoto anakifikia, na kibuyu cha kunawia kifungwe kwenye mpini wa kushoto. Huo ni mpango wa msafara, usiuache.

Mzigo wa pili ni kivuli. Mji huu una historia ndefu ya magari ya kusukumwa na watu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Mombasa ilikuwa na vigari vidogo vilivyopita juu ya reli nyembamba kutoka upande wa Mji wa Kale mpaka Kilindini. Maofisa na wafanyabiashara walikaa kwenye viti, wanaume wakasukuma kwa nyuma, na juu ya abiria kulikuwa na paa la kitambaa. Waliosukuma hawakuwa na paa. Sisi tutalichukua lile paa na kulirekebisha: simamisha fito nne kwenye pembe za mkokoteni, tandaza turubai jepesi, kisha liongeze mbele mpaka lifunike kichwa cha mvutaji. Kofia haitoshi, jua la saa saba linampata mtu usoni hata kwa kuakisiwa na lami.

Lakini turubai lina tabia ya tanga. Mama Ngina inaelekea kusini, na kuanzia Aprili mpaka Septemba kusi inavuma moja kwa moja usoni. Ukilifunga turubai kwa vifundo visivyofunguka, upepo utakuvutia mkokoteni barabarani. Tumia kifundo cha kufunguka kwa kuvuta ncha moja, na kila pembe iwe na mtu wake aliyeambiwa mapema. Mei usitoke kabisa bila turubai la pili la kufunika chakula, kwa sababu mvua ya masika ya pwani haibishi hodi.

Mzigo wa tatu ni moto. Jiko la makaa lisafiri limepoa, ndani ya karai lenye mchanga, na makaa yawe katika debe lake. Msiwashe jiko juu ya mkokoteni hata ukiwa umesimama. Mbao zile zimenyonya mafuta na grisi miaka mingi. Kipepeo kikae juu ya debe kisipotee, maana hicho ndicho anachosahau kila mtu, halafu watu wazima watatu wakabaki wanapepea kwa ndara.

Chakula kiwe cha kustahimili safari. Mahamri yanasafiri vizuri katika kikapu kilichotandikwa kitambaa; mbaazi za nazi zisafiri katika sufuria yenye kifuniko kilichofungwa kwa leso, na sufuria iwekwe juu ya ekseli pale ambapo mtikiso ni mdogo. Mishkaki ibebwe ikiwa nyama mbichi iliyolala na viungo usiku kucha, ichomwe huko huko. Mabuyu ya rangi nyekundu ni ya watoto njiani, wakati wa kupanda. Kahawa usiiache: dele na vikombe vyake vidogo, tangawizi, na kashata. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na kikapu cha ukili kilikuwa bora hata kabla ya hapo, kwa sababu kinapumua na mahamri hayatoki jasho. Mihogo ya kukaanga usibebe. Inauzwa pale pale Mama Ngina, moto, na ndimu na pilipili, na wauzaji wale ni sehemu ya raha yenyewe.

Sasa yule mnyama. Ni kunguru. Kunguru wa India aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka, akazidi, akaenea pwani nzima, na hapa Mombasa sasa anatuona sisi ndio wageni. Anaiba kwa kupanga: mmoja anakuja mbele akupotezee macho, mwenzake anakuja nyuma. Kinga ya kumzuia ipo tangu zamani nayo ni kawa. Kila sinia lifunikwe kwa kawa nzito ya ukili, siyo kitambaa, kwa sababu kitambaa anakivuta kwa mdomo. Nyama mbichi isitoke chomboni mpaka makaa yawe mekundu. Na mifupa irudi nyumbani na msafara. Anayemwachia kunguru mifupa anamwalika kwa wiki ijayo.

Kuna watakaotaka kwenda mbali zaidi, wavuke Likoni na feri mpaka ufuo wa kusini. Inawezekana, mikokoteni huvuka kila siku, lakini mvutaji awe mzoefu, watoto washuke na washikwe mikono, na mipini isiachwe hata sekunde moja mpaka feri ifunge ng'ambo. Ukifika ufukweni tazama mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu ndiyo siku za bamvua, na tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hupita mita tatu. Mkokoteni ulioachwa kwenye mchanga mkavu saa nne asubuhi unaweza kuwa baharini alasiri. Uegeshwe juu ya mstari wa mwani mkavu, na magurudumu yatiwe mawe.

Nimeuacha mwisho uamuzi mzito: nani atavuta? Vijana wa nyumbani watajitolea, na watachoka kabla ya kuipita Treasury Square. Wapeane zamu, wawili mipinini na mmoja nyuma, wote wamevaa viatu vya kushika barabara, na wakae kushoto pamoja na magari mengine, siyo katikati. Lakini ukiwa na wazee na mzigo mkubwa, ajiri hamali, na umwajiri kwa heshima inayomstahili. Mpatane bei kabla ya kupakia, kwenda na kurudi, na saa za kungoja zihesabiwe ni kazi, kwa kuwa ni kazi. Maji ya kwanza ya gudulia ni yake. Anapokaa kula, anakaa mkekani na watu wengine. Akisema mzigo umezidi, umezidi. Shusha viti, watu wakae chini. Huyu ndiye mtu pekee kwenye msafara anayejua kusimamisha mkokoteni uliojaa mteremkoni, na ujuzi huo umemgharimu magoti na mgongo. Sioni kwa nini mji unaokula kwa mikono ya mahamali uwalipe kilichobaki baada ya kulipa kila kitu kingine.

Kurudi kuanze kabla ya Maghribi. Ikiwa mtachelewa kwa sababu kahawa imekolea, mfunge taa mbele na vipande vyekundu vya kung'aa nyuma, juu ya ile tairi ya breki na kwenye fito zote mbili, kwa kuwa madereva wa matatu huangalia mbali na mkokoteni uko chini. Watoto waliosinzia wapande katikati, juu ya ekseli, mahali pa mtungi uliokwisha maji.

Mkifika, pakueni barazani, kisha mkokoteni uoshwe usiku huo huo. Toa mchanga kwenye magurudumu, mwaga ndoo mbili za maji matamu kwenye ekseli ikiwa mmegusa bahari, futa, tia grisi. Urudishwe kwa mwenyewe kabla ya alfajiri. Malori ya vitunguu na maembe yakishafika Marikiti hayamngojei mtu, na kuna hamali ambaye siku yake ya kazi inaanza na mkokoteni huo huo.