Sisi wa Likoni Hatukimbii Milimani

Ukitaka kuteseka Uhispania, taja kwamba umetoka Kenya. Usiongeze neno. Hutaulizwa habari za simba wala za siasa, utatazamwa miguu. Jimbo la Valencia ndilo balaa kuu, maana huko wenzetu wa Bonde la Ufa wamekwisha kutuharibia soko. Kibiwott Kandie alimaliza nusu marathoni ya Valencia mwaka 2020 kwa dakika 57 na sekunde 32. Miaka miwili baadaye Kelvin Kiptum, Mungu amrehemu, akaja kukimbia marathoni yake ya kwanza maishani, akatumia saa 2, dakika 1 na sekunde 53. Ya kwanza! Sasa mimi mtu wa Likoni, ninayelala usawa wa bahari, nianzie wapi kueleza kwamba Iten, mji wa wakimbiaji, iko juu mita kama 2,400, tena zaidi ya kilomita 800 kutoka kwetu, na kwamba mimi naiona kwenye runinga tu, kama wao?

Si kwamba hatukimbii. Likoni watu hukimbia sana, ila kwa sababu. Feri inataka kuondoka, unateremka mbio, unajipenyeza, unafuta jasho, basi. Sijapata kuona mtu aliyevuka ng'ambo, akazunguka, akarudi mbio pale pale alipoanzia, kisha akasema amestarehe.

Shemeji yangu hufanya hivyo kila Jumamosi. Ni mwenyeji wa Altea, mji mweupe wa pwani wenye kanisa la makuba ya buluu. Bahari iko mlangoni pake, shwari, bure. Yeye huipa mgongo, akapanda gari kwenda Bèrnia, jabali refu lililosimama kama ukuta, kilele chake kimepita mita 1,100. Analizunguka kwa mbio. Nilipokuwa natafuta udhuru, dadangu mkubwa alinimaliza mezani: "Nenda na shemejio, we mtoto. Usiniaibishe kwa watu."

Kwanza vifaa. Nilivalishwa kizibao chenye chupa za maji kifuani, filimbi begani, na mgongoni karatasi ya fedha iliyokunjwa ambayo, nilielezwa kwa furaha kabisa, ni ya kujifunika nikivunjika mguu huku tukingoja helikopta. Nikapewa na vifuko vya jeli tamu ya kufyonza njiani. Ladha yake ni ya dawa ya kikohozi iliyosahaulika juani. Shemeji mwenyewe alishika fimbo mbili za kukunja. Kwetu mtu akishika mkongojo mmoja vijana humpisha kiti. Huyu ana miwili na anataka kushindana.

Mzunguko wenyewe ni kilomita kama tisa, na tulianzia upande wa kaskazini, kwenye nyumba chache ziitwazo Cases de Bèrnia. Hapo ndipo nilipogundua siri ambayo watu hawa wanafichiana: mlima ukianza kusimama, hakuna anayekimbia. Wote huinama, mikono magotini, wakipanda hatua kwa hatua wakihema. Nikamwambia, "Shemeji, mbona tunatembea?" Akajibu, kwa pumzi iliyobaki, kwamba hapana, huku ni kukimbia kwa namna ya mlima. Saa yake ya mkononi, yenye akili kumzidi, ikalia kumwuliza kama amesimama apumzike.

Tukafika Forat. Ni tundu katika jabali, lenye urefu wa mita kama ishirini, linalotoboa mlima kutoka upande mmoja hadi wa pili, na ni la chini kiasi cha kumtambaza mtu mzima. Nimefika umri wa kuitwa mzee na watoto wa mtaani, nami hapo nikaenda kwa magoti, kizibao kikikwaruza juu, na nyuma yangu kijana wa Kihispania akinitia moyo: "Venga! Venga!" Neno hilo utalisikia mlima mzima. Ukipanda, venga. Ukianguka, venga. Nina hakika hata mazishini wanaliambia jeneza.

Ukitokea upande wa kusini, lakini, sina budi kusema kweli. Ghuba yote ya Altea imetandazwa chini yako. Kulia majumba marefu ya Benidorm yamesimama ufukweni, kushoto ni Calpe na lile jabali lake la Ifach lililotumbukia baharini, mita 332, nawe unalitazama kwa juu. Nilitaka kukaa hapo mpaka adhuhuri. Shemeji akawa keshaondoka! Na hapa ndipo panaponichoma roho. Njia ya kusini ni mawe matupu yaliyomeguka, yanateleza chini ya kiatu, hivyo mkimbiaji hawezi kuinua macho. Akiinua, anavunjika. Watu wanatoka nchi za mbali kwa ajili ya mandhari haya, kisha wanayapita wakitazama vidole vyao. Atembeaye anaona bahari. Akimbiaye anaona kokoto, na anajisifu kwamba ameziona upesi.

Hata mimea haikunihurumia. Kuna kijiti chenye maua ya manjano na miiba ya kushonea magunia, na kuna mkindu mfupi, haufiki hata kiunoni, ambao ndio mnazi pekee waliojaliwa na Mungu, maskini.

Mbele kidogo tukakuta magofu ya ngome, nami kidogo nilie, maana mwenyewe namjua. Mfalme Felipe wa Pili aliijenga kuanzia 1562 dhidi ya maharamia wa Afrika Kaskazini na Waislamu wa hapa hapa waliolazimishwa Ukristo. Mchoraji alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Antonelli. Mfalme huyo huyo, alipokuwa ameshatwaa na taji la Ureno, ndiye aliyeamuru ijengwe Fort Jesus yetu mwaka 1593, kwa mchoro wa Mtaliano mwingine, naye pia Giovanni Battista, wa ukoo wa Cairati. Ila kwetu aliiweka penye akili, mdomoni mwa bandari. Hapa Bèrnia askari akimwona haramia ufukweni, mpaka ateremke na magoti yake, haramia keshaiba, keshakula, keshatweka tanga. Mwanzoni mwa karne ya 17 wakaibomoa wenyewe. Nawaelewa. Pengine walichoka kupanda.

Kumaliza tukamaliza, na waliokuwa wametupita tuliwakuta mgahawani. Hawa watu wana mlo wa saa nne asubuhi ambao kwa kweli ndio sababu ya mbio zote: zeituni, karanga, mkate mrefu uliojazwa nyama, kisha kahawa iliyochomewa ramu. Nyama ilikuwa ya nguruwe, na ramu ni ramu. Nikaambulia mkate wenye yai na viazi ndani, nao si haba. Halafu nikaomba chai ya maziwa. Wakaleta glasi ya maji vuguvugu na kifuko kando yake. Nikauliza, kwa adabu, maziwa yako wapi. Yakaja, katika kijagi kidogo, yametoka kwenye friji.