Sifa za Herufi Ndogo za Msimbo

Wapo waliousifu mwezi, na wapo walioisifu bahari na majahazi yake. Lakini herufi ndogo zinazoandikiwa mifano ya msimbo katika miongozo ya programu hazijapata mtetezi, ingawa fadhila zake kwa waja ni nyingi kuliko lawama zinazotupiwa.

Kwanza, zina haya. Katika vivinjari vingi maneno ya kawaida hupewa kimo cha pikseli 16, na msimbo, ukiachwa katika hati yake ya upana sawa bila ya kuwekewa kipimo, hushushwa mpaka 13. Hivyo porojo la utangulizi, ambalo likirukwa halina hasara, huonekana toka mlangoni, na mstari ambao nukta yake moja ikikosekana kazi nzima hubatilika, hukaa nyuma ya pazia kama mwari.

Pili, ni walimu wa unyenyekevu. Mtaalamu aliyejaa ghururi, aliyezoea kuinuliwa viti katika kila majilisi, hana budi kuinama hata pua ikaribie kioo, akijiuliza kwa sauti ya chini: hii ni moja, au ni l? Hii ni sifuri, au ni O? Hii ni nukta, au ni mkato? Na katika lugha ya Python, ambamo nafasi tupu mwanzoni mwa mstari ina hukumu yake, hufundishwa hata kuhesabu kitu kisichoonekana, elimu ambayo zamani ilikuwa ya mawalii peke yao.

Tatu, huleta amani. Kwani msomaji aliyeshindwa kuona hunakili yote pasi na kusoma, akabandika, yakaenda, akamshukuru Mola, na mwandishi akasalimika na maswali. Nalo kosa lililojificha humo likadumu salama, likirithiwa na programu hii kutoka kwa ile, kama shamba la wakfu.

Wenye haraka husema dawa ni nyepesi, kwamba mstari mmoja tu watosha kuukuza msimbo ulingane na maneno yaliyouzunguka. Ni kweli, na mstari huo umeelezwa waziwazi katika mwongozo, kwa mfano ulioandikwa kwa pikseli 13.

Sifa hizi, lakini, naomba zipigwe chapa kwa herufi kubwa, wazee wazisome bila ya miwani; maana humu hamna nukta ambayo ikipotea itamdhuru mtu.