Mlimani na Mama Mkwe

Ukisema Ulaya kwamba unatoka Tanzania, hazipiti dakika mbili kabla Kilimanjaro haujatajwa. Mimi ni mtu wa Pangani. Kitu kirefu nilichowahi kupanda utotoni ni mnazi, na huo nilishushwa na wajomba. Kilimanjaro nimeuona nikiwa nimekaa kwenye basi la Arusha, nikila mahindi. Lakini mama mkwe wangu, mwanamke wa Veneto, Italia, aliyevuka miaka sabini, aliamua tangu siku ya harusi kwamba binti yake ameolewa na mtu wa milima, na kila nilipojaribu kukanusha alidhani ni unyenyekevu.

Ndiyo maana alfajiri moja ya Julai tulikuwa Misurina, mita 1,754 juu ya usawa wa bahari, tukielekea kuzunguka Tre Cime di Lavaredo, ile minara mitatu ya mawe iliyomo kwenye kila kalenda ya Dolomiti. Ipo barabara ya lami inayompeleka mtu kwa gari hadi Rifugio Auronzo, nyumba ya wageni wa mlimani kwenye mita 2,320, ambako watu wenye akili huanzia matembezi. Ila hulipiwa. Mama alisema kulipia barabara wakati Mungu ametoa miguu ni ufujaji. Mke wangu alinikonyeza ninyamaze. Nikanyamaza.

Sasa, kwetu mkwe ana adabu zake. Humpiti njiani bila kumpisha, hujinyooshi mbele yake, hucheki mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Juu ya kuhema mbele ya mkwe, wazee hawakuacha neno. Nikaona ni salama kulihesabu jambo hilo pamoja na utovu wa adabu mwingine, na kila pumzi ilipokata nilitoa simu nikapiga picha. Mpaka leo nina picha nyingi sana za mawe ya kawaida. “Anapenda maumbile,” Mama alimwambia binti yake kwa furaha, naye hakuwa hata na jasho.

Njia za huko huwekewa alama nyekundu na nyeupe zilizopakwa kwenye miamba, zenye namba katikati. Tatizo ni vibao. Havikuambii kilomita, vinakuambia muda: mahali fulani, saa moja na nusu. Ningependa sana kumfahamu aliyetoa miguu yake ikatumika kupimia. Mama alikuwa akitazama kibao, anatazama saa yake, kisha ananitazama mimi.

Toka Auronzo njia ni pana na haina shida, hata nikaanza kuzungumza. Kisha ikaja Forcella Lavaredo, mita 2,454, na nikaacha tena. Lakini pale juu, lazima niseme kweli, unageuka na ile minara inasimama mbele yako, kuta zake za kaskazini zimekatika wima kabisa. Mnara wa kati, Cima Grande, una mita 2,999, kama bei ya viatu dukani. Mama akasimulia, bila kusita kuvuta pumzi, kwamba mpaka wa Italia na milki ya Austria ulikuwa papa hapa, na kwamba kuanzia 1915 wanajeshi walipigana kwenye majabali haya, wakatoboa mahandaki ndani ya Monte Paterno, mlima tuliokuwa tukipita ubavuni mwake. Walipanda na mizinga, alisema. Nikaangalia mfuko wangu uliobeba mikate tu, nikaurekebisha begani kimyakimya.

Mikate yenyewe haikudumu. Karibu na Rifugio Locatelli alitua ndege mweusi mwenye mdomo wa njano, wa ukoo wa kunguru, akaruka na jibini langu. Nami nilidhani kunguru nimewaacha Tanga.

Ila balaa la siku lilikuwa kwenye viatu. Shemeji yangu aliniazima buti zake zilizokaa stoo miaka mingi, safi, ngozi inang’aa. Kumbe soli za namna ile zina tabaka la povu la poliuretani ambalo huliwa na unyevunyevu hata kiatu kisipovaliwa. Kinazeeka kikiwa rafuni. Baada ya Locatelli njia inashuka bondeni kisha inapanda tena, na katika kupanda huko soli ya kulia ilifunguka mdomo. Hatua chache mbele, ikabaki nyuma yangu.

Mawingu yalikuwa yanakusanyika, na milima ile alasiri ya kiangazi haichelewi kupiga radi. Mama akatazama juu, akatoa bandeji na kamba mfukoni, akaniamuru nikae juu ya jiwe. Kisha akapiga magoti.

“Mama, nakuomba, inuka.”

“Nyamaza. Lete mguu.”

Mama mkwe wangu, mwenye mvi, amepiga magoti mbele ya unyayo wangu, anafunga kamba. Wapita njia wanatusalimia kwa Kiitaliano na Kijerumani. Nilimgeukia mke wangu anisaidie. Alikuwa anapiga picha.

Tulifika Auronzo kwa sauti ya pwata, pwata, mvua ikiwa nyuma yetu kidogo, na Mama akakubali kulipa nauli ya basi la kushuka. Kabla basi halijafika Misurina, picha ilikuwa imeshafika Pangani. Simu ikaita.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba. Huyo aliyepiga magoti ni nani?”

“Mama mkwe.”

“Na wewe umekaa.”

“Juu ya jiwe, Shangazi.”

Kimya kirefu. “Mwanangu, huko mliko kuna mbuzi?”

Mama, aliyesikia jina lake likitajwa, alitaka kujua shangazi anauliza nini. Nikamtafsiria. Uso ukamchangamka. Wapo, alisema, kule bondeni, na jibini lao ni zuri sana, atamtumia.

Nikafikisha ujumbe.

“Mwambie,” akasema Shangazi, “sisi hatuzungumzii jibini.”