Heko, Mpaka wa Keroka

Washairi wamesifu milima, bahari na macho ya wapenzi. Mpaka wa kaunti haujapata hata ubeti, na ule wa Keroka unachapa kazi usiku na mchana bila mshahara. Umepita katikati ya mji, Kisii huku, Nyamira kule, na tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013 umetupa faida ambazo miji yenye kaunti moja huzisikia tu.

Kubwa ni elimu. Mwuza mboga za chinsaga wa Keroka hakusomea upimaji ardhi, lakini mpaka anaujua kuliko mpimaji. Akitandaza gunia hapa, kanjo wa Kisii anamkatia risiti. Akilisogeza kidogo kukwepa jua, amehamia darasa la Nyamira, na karo hulipwa upya. Mboga ni zilezile, zimenyauka tu kwa kungoja somo liishe. Wa boda boda naye amefuzu zamani: anajua ni upande upi wa barabara abiria ashukie ili leseni isiulizwe. Chuo gani kingine hufundisha uraia kila asubuhi, na kwa ada mara mbili?

Mpaka huu pia hutunza amani maofisini, maana kila lawama ina ng'ambo ya kupelekwa. Na takataka umezipa uraia pacha.

Ila mtaro wa mji huu, jamani! Mvua ya alasiri ikimwagika, maji machafu yanavuka kaunti bila kibali hadi milangoni mwa maduka. Nimesimama kwenye tope lile, viatu mkononi, ofisa mmoja akinieleza kwa upole kwamba mtaro ni wa wenzao.

Mvutano wa nani akusanye ushuru Keroka ulianza enzi za magavana wa kwanza, James Ongwae wa Kisii na John Nyagarama wa Nyamira. Ukiuliza mbona haujaisha, utaambiwa sheria ya Nairobi imewafunga maofisa mikono. Ni kweli kwamba Katiba ya 2010 haichezi: kwa kifungu cha 188, mpaka hausogei bila tume huru, thuluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na thuluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Kifungu cha 207 nacho kimeipa kila kaunti mfuko wake wa mapato. Lakini kifungu cha 189, kinachofuata kile cha 188 papo hapo, kinaziagiza kaunti zishirikiane na kuziruhusu kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Kuzibua mtaro hakuhitaji Seneti. Kampuni ya maji ya Gusii imewahi kuhudumia kaunti zote mbili kwa miaka. Inakuwaje maji safi yapatane na machafu yashindwe? Wanaosoma Katiba hufika 188 wakafunga kitabu, kwa sababu ukurasa unaofuata una kazi.

Basi ukikatiwa risiti ya pili Keroka, ihifadhi. Mpelekee mwakilishi wadi wako, na yule wa ng'ambo pia, uwaulize kamati ya pamoja itakaa lini.