Sifa za Staftahi ya Saa Tisa za Usiku

Pilau limeimbwa, biriani limeimbwa, na mahamri kwa mbaazi za nazi yana watetezi kutoka Lamu hadi Tanga. Staftahi ya Waffle House haijapata hata mmoja anayeisemea kwa Kiswahili, na dhuluma hiyo inaendelea tangu 1955, pale majirani wawili, Joe Rogers na Tom Forkner, walipofungua mkahawa wao wa kwanza Avondale Estates, kando ya Atlanta, jimboni Georgia. Leo mikahawa hiyo inakaribia 2,000, mingi ikiwa kusini mwa Marekani, ikijibanza penye njia za kutokea barabara kuu chini ya vibao vya manjano vyenye herufi nyeusi. Na mimi leo nimeamua kuitetea. Wenye maini dhaifu mtanisamehe.

Fadhila yake ya kwanza ni kwamba haijui asubuhi. Kwetu staftahi ina adabu ya saa: ukichelewa kuamka, vitumbua vimekwisha na mama ntilie ameshageukia wali na maharage. Waffle House haifungi usiku wala mchana, Krismasi ikiwemo. Saa tisa za usiku dereva wa lori, nesi aliyetoka zamu na kijana aliyefukuzwa baa wanakaa kaunta moja, viazi vyao vikikaangwa kwenye bamba moja. Ni kweli, saa hizo viti navyo huweza kuruka, na video za ngumi zimesambaa mitandaoni kiasi cha mkahawa huo kutaniwa nchi nzima. Lakini hebu niambie, mtu wa namna ile, saa ile, nani mwingine angempikia chai?

Kisha kuna chakula chenyewe, ambacho daktari wako asikisikie. Viazi vimekunwa kama nazi, vikatawanywa kwenye bamba la moto hadi vishike rangi. Hapo sasa unaulizwa unavitaka vipi. Vitiwe vitunguu? Vifunikwe jibini? Viongezwe nyama ya nguruwe, nyanya, pilipili, uyoga, rojo la nyama na maharage, mchuzi mzito mweupe? Au vyote kwa pamoja? Wapo wanaojibu vyote, na mimi nawavulia kofia. Pembeni kuna bakuli la grits, mahindi meupe yaliyosagwa na kupikwa kwa siagi. Mla ugali atazitambua mara moja: ni ugali uliokata tamaa. Halafu inakuja waffle yenyewe, mkate wa vishimo vilivyochimbwa kwa kazi moja tu, kuhifadhi shira. Mwislamu aagize kwa uangalifu, maana bekoni na soseji za nguruwe ziko kila upande. Waffle angalau huiva kwenye chuma chake peke yake.

Wanaodhani hapa hakuna elimu wamtazame mpishi. Hakuna ukuta kati yako na jiko, wala karatasi ya oda ya kumning'inizia usoni. Mhudumu hupaza sauti, na mpishi hupanga sahani tupu mbele yake na kuziwekea alama kwa vipakiti vya jemu, haradali na vitu vingine vilivyo karibu. Kipakiti kimekaa upande gani wa sahani, kimelala kifudifudi au chali, hayo ndiyo maandishi yake, na anayasoma huku anapasua mayai. Vyuo vikuu vinatunuku shahada kwa mambo mepesi kuliko hayo.

Mhudumu naye atakuita mpenzi. Uwe mzee wa kupewa shikamoo na mtaa mzima, uwe shekhe, uwe mwenyekiti wa harusi, kwake wewe ni mpenzi, na kikombe chako kitajazwa tena kabla hujakiomba. Upendo wote huo sheria ya shirikisho inauthamini kwa dola 2.13 kwa saa, kima cha chini cha mshahara wa taslimu kwa wanaoishi kwa bahshishi, ambacho hakijapanda tangu 1991. Bahshishi isipotosha kufikisha kima cha chini cha kawaida, dola 7.25, mwajiri ndiye anayepaswa kujazia. Wabunge waliokiacha kima hicho palepale sidhani kama huitwa mpenzi na yeyote saa tisa za usiku.

Ila fahari kuu ya staftahi hii ni kwamba dola kubwa duniani imewahi kupimia maafa kwayo. Craig Fugate, aliyeongoza shirika la serikali la kukabili majanga, FEMA, kuanzia 2009 hadi 2017, alizoea kuuliza baada ya kimbunga: Waffle House imefunguliwa? Ikiwa na menyu kamili, kijani. Ikiwa na menyu fupi, manjano, maana yake umeme au maji yana shida. Ikiwa imefungwa, nyekundu, basi hapo kazi ipo. Kampuni ina menyu fupi zilizoandaliwa mapema kwa siku za kukosa umeme au maji, na hupeleka wafanyakazi kutoka sehemu nyingine wakati wenyeji wanahangaika na mapaa yao. Tufani haikuweza kuinyamazisha kirahisi. Ilibidi ije korona, Machi 2020, ndipo mamia ya matawi yakafungwa kwa mpigo. Na mafua ya ndege yalipopandisha bei ya mayai, Februari 2025, mkahawa haukuficha yai wala kulipunguza. Uliongeza senti 50 kwa kila yai na kuendelea kukaanga, hadi nyongeza hiyo ilipoondolewa katikati ya mwaka huohuo.

Clarkston, mji uliopokea wakimbizi wengi, Wakongo wasemao Kiswahili wakiwemo, uko mwendo mfupi wa gari kutoka Avondale Estates. Ukienda kumtembelea ndugu huko, usimwamshe alfajiri akupikie. Ametoka zamu ya usiku. Mchukue mkale kaunta. Agizeni viazi na kila kitu chake, lipa wewe, na umwachie mhudumu asilimia 20 au zaidi.