Mapezi Yakilika, Mwache Jirani

Ndugu mfugaji wa Voi, Mwatate au Taveta, perege wako wakianza kulika mapezi, wa kwanza kushukiwa huwa ni jirani aliyepita jana kando ya bwawa akasema, "Hawa wamenona kweli!" Mwache. Ukimpeleka kwa mzee wa mtaa, kesi itaisha baada ya samaki kwisha.

Hesabu majeruhi kwanza. Samaki mmoja mwenye tundu ubavuni huenda alidonolewa na korongo. Lakini wengi wakiwa na mapezi yaliyochakaa, ndege hana kosa, na jirani hana kosa. Kagua maji.

Amka kabla ya jua. Usiku mwani hautengenezi oksijeni. Unaitumia ileile wanayoitegemea samaki, ndiyo maana alfajiri huwa saa ya dhiki. Ukiwakuta wamejipanga juu, midomo nje, usidhani wamekuja kukuamkia. Wanakosa hewa. Zamisha mkono: kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, ukijani umezidi. Acha samadi, punguza chakula, ongeza maji safi. Aliye karibu na chemchemi za Njoro Kubwa pale Taveta ana nafuu. Wa Voi anayehesabu ndoo na aweke samaki wachache tangu mwanzo, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo na amonia ya kinyesi huwa kali zaidi humo. Vifaranga vya bei nafuu si sababu ya kujaza bwawa.

Sasa lowesha mikono, umshike mgonjwa mmoja. Doa la kijivu lililokaa mgongoni kama tandiko, mapezi yaliyochanika na matamvua yaliyofifia ni dalili za kolumnarisi, ugonjwa wa bakteria unaopenda joto na msongamano. Mara nyingi huingia pale neti ilipokwangua ute wa ngozi, kwa hiyo wale wageni unaowavulia samaki kila Jumapili ili wawapige picha wanachangia. Nyuzi nyeupe laini ni kuvu, nayo kwa kawaida hukalia kidonda kilichotangulia. Tafuta kilichosababisha kidonda.

Watenge wagonjwa. Waogeshe kwenye chumvi, gramu 10 kwa lita moja ya maji, kwa dakika kama 10 huku ukiwatazama. Anayelala ubavu mrudishe haraka kwenye maji safi. Vidonge vilivyobaki kwenye kabati la nyumbani usivitie bwawani. Hujui kipimo wala bakteria uliyenaye, na samaki hao utawauzia watu.

Waliokufa wafukie mbali na maji, na wagonjwa usiwamwage Mto Lumi wala Ziwa Chala. Chala ndiko makao pekee duniani ya perege aitwaye Oreochromis hunteri, aliye hatarini kabisa kutoweka. Vifo vikiendelea, mwite afisa wa uvuvi wa kaunti wakati bado kuna samaki hai wa kupimwa.